Kukinga nyumba na moto wa nyika: mwongozo kamili wa kupanga uwanja, kuanzia ukutani kwenda nje (kwa sisi wa Tabora na Kigoma)

Wadau habari za kiangazi. Kila mwaka ikishafika mwezi wa 6 hivi na nyasi zimekauka, huku Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua mpaka ng'ambo ya Uvinza na Kasulu, moshi unaanza kuonekana kila upande na usiku unaona mstari mwekundu umelala porini, na hali inakuwa hivyo hivyo mpaka mvua zianze mwezi wa 11. Watu wanapoteza nyumba, vihenge vya mahindi, mizinga ya nyuki, mbuzi waliofungwa, na mara nyingi aliyewasha hakuwa na nia mbaya kabisa, alikuwa anaandaa shamba, au anarina asali usiku kwa mwenge wa nyasi, au tanuru la mkaa limefumuka akiwa amelala, au anachoma ili ng'ombe wapate majani mabichi. Leo sitaki tubishane nani kawasha. Nataka tuongelee uwanja wako, yaani eneo lote kati ya ukuta wa nyumba na pori, kwa sababu hilo ndo unaloweza kulibadilisha wewe mwenyewe kwa jembe, panga, slasha na reki bila kusubiri mtu.

Kwanza tuelewane nyumba inaunguaje, maana usipolielewa hili utafanya kazi kubwa mahali pasipotakiwa. Wengi wetu tunawaza ule ukuta wa moto unatoka porini unakuja unaifunika nyumba. Inatokea, ila nyumba nyingi zinaondoka kwa cheche. Upepo unabeba vipande vya magome na majani yanayowaka, vinaruka mbali kuliko moto wenyewe, vinatua kwenye rundo la kuni, kwenye majani makavu yaliyojaa kwenye gata, kwenye gunia lililotupwa barazani, vinakaa pale vinafuka taratibu, na nyumba inawaka wakati moto wa porini ulishapita. Kuna mtafiti wa misitu wa Marekani anaitwa Jack Cohen alishiriki majaribio kule kaskazini mwa Kanada, walisimamisha kuta za mbao karibu na msitu alafu msitu ukawashwa kweli kweli. Kuta za mita 10 kutoka kwenye moto baadhi zilishika, za mita 20 na 30 hazikushika. Maana yake joto la pori linalowaka, hata liwe kubwa kiasi gani, halifiki mbali sana, kinachofika mbali ni cheche. Na mji wa Paradise kule California ulipoungua mwaka 2018, watu 85 wakafa na majengo zaidi ya 18,000 yakaisha, picha nyingi zilionyesha nyumba zimekuwa majivu huku miti pembeni yake bado ina majani mabichi. Moto ulitoka nyumba kwenda nyumba, na ulianzia kwenye vitu vidogo vilivyokuwa karibu na ukuta.

Kwahiyo kanuni yangu ni hii na mwongozo wote unaifuata: anza ukutani, malizia porini. Mtu anayekimbilia kulima barabara ya moto (ukanda wa udongo mtupu wa kuzuia moto) kule mpakani huku kuni zake zimeegemea mlango wa jikoni hajajikinga.

HATUA YA 1: Zunguka nyumba ukiwa na macho ya cheche

Kabla hujashika jembe, zunguka nyumba yako taratibu mchana kweupe ukijiuliza swali moja tu, kama kaa la moto likidondoka hapa litapata nini cha kula. Anzia juu. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma au udongo kuta zake haziungui, tunashukuru, ila paa ndo mlango. Kama una bati, simama chini ya ukingo wa paa uangalie pale bati linapokutana na ukuta. Bati lina migongo na mabonde, na kila mgongo unaacha tundu linaloingia moja kwa moja darini. Ingiza vidole uone. Mara nyingi unakuta kiota cha shomoro, nyasi laini zimesukwa na manyoya na nyuzi za sandarusi, kavu kabisa, imegusana na mbao ya kenchi. Cheche moja ikiingia pale hutaiona wala hutaisikia, utakuja kuona moshi unatoka kwenye silingibodi.

Toa viota vyote (subiri makinda yaruke kama yapo, ila usivuke mwezi wa 6), alafu ziba yale matundu kwa udongo wa kufinyanga au kwa mchanga na saruji. Pale panapohitaji hewa weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, milimita 3 hivi au chini. Ule wavu wa mbu wa nailoni hausaidii, unayeyuka. Kama una gata, panda uzisafishe, hasa mwenye mwembe au mwarobaini karibu, na usisafishe mara moja ukasema basi, majani yanadondoka kiangazi chote kwahiyo panda tena kila baada ya wiki kadhaa.

Wenye nyumba za nyasi, na sisi tunajua bado ni wengi vijijini, kwenu uwanja una kazi mara mbili kwa sababu paa lenyewe ndo kuni. Ushauri wangu, ukipata hela ya bati chache tu usianze na nyumba kubwa, anza na jiko la nje. Jiko la nyasi lenye moto kila siku chini yake, limesimama hatua chache kutoka kwenye nyumba ya nyasi, hilo linakuunguza hata porini kukiwa kimya. Kama bati hata chache haziwezekani mwaka huu basi lihamishe jiko, liwe angalau mita 10 kutoka kwenye paa lolote la nyasi, na liwe upande ambao upepo ukivuma unapeleka cheche mbali na nyumba.

HATUA YA 2: Mita moja na nusu ya kwanza, hapa hakibaki kitu

Pima kutoka ukutani hatua mbili za mtu mzima, ni kama mita 1.5, zunguka nyumba nzima. Kwenye ukanda huu hatutaki nyasi, hatutaki maua, hatutaki kuni wala mkeka. Panatakiwa udongo mtupu uliofagiliwa, au kokoto, au changarawe, au saruji kwa mwenye uwezo.

Hapa wazee wetu walituzidi sana. Bibi zetu walikuwa wanaamka alfajiri wanafagia uwanja mpaka unang'aa, na ukiwauliza watakwambia ni usafi na ni kumuona nyoka mapema, lakini uwanja uliofagiliwa mpaka ukutani ni kinga ya moto ya uhakika kabisa. Siku hizi tumeanza kupanda maua kuzunguka msingi kama tulivyoona mjini, tunaweka na nyasi za bustani zinazogusa ukuta, alafu mwezi wa 8 maji hamna, zinakauka pale pale zilipo. Ukipenda maua panda, ila yavute mbele.

Vitu ambavyo vinakaa hapa bila sisi kujua ni vingi mno. Kuni za kupikia zimepangwa chini ya dirisha. Gunia la mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Mabua ya mahindi na mtama yameegemezwa ukutani yakisubiri kuwa uzio. Mikeka, tairi chakavu, maboksi, madumu ya petroli ya pikipiki, mtungi wa gesi. Vyote hivyo viondoke. Kuni zipelekwe mita 9 au 10 kutoka kwenye nyumba, petroli isikae kabisa na kitu kinachowaka. Na wakulima wa tumbaku nawaomba hapa mnisikilize kwa makini, kuni za bani (lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto) wengi tunazikusanya kiangazi hiki hiki ili msimu ukifika zipo, na tunazimwaga karibu na nyumba kwa kuogopa kuibiwa. Lundo la magogo ya bani likishika moto linawaka siku nzima na zaidi, na joto lake ukiwa karibu huwezi kusogea hata na ndoo. Tafuteni kiwanja chake peke yake, kimelimwa pande zote, mbali na nyumba na mbali na bani lenyewe.

Uzio nao uangalie. Fensi ya mabua au matete inayokuja mpaka kugusa ukuta ni utambi. Moto unashika mwisho wa uzio kule shambani, unatembea nao taratibu mpaka kwenye kona ya nyumba. Dawa yake ni rahisi, ile mita 2 ya mwisho inayogusa nyumba ibomoe, weka matofali, au mabati, au acha wazi tu uweke geti la chuma.

HATUA YA 3: Kutoka hapo mpaka mita 9 au 10, uwanja wa kijani na wa kuachana

Huu ndo uwanja wenyewe wa kukaa, kupika, watoto kucheza. Hapa mimea inaruhusiwa, tena inasaidia, ila iwe michache, iwe na maji mwilini, na iachane. Wazo kubwa hapa ni kwamba moto ukifika usikute njia ya kutembea kutoka kitu kimoja kwenda kingine, wala usikute namna ya kupanda kutoka chini kwenda juu.

Huko kupanda kwa moto ndo tunakosahau. Moto wa nyasi fupi ukipita chini ya mti mkubwa safi, mara nyingi unapita tu, mti unabaki. Lakini chini ya mti kukiwa na nyasi ndefu, juu yake kichaka, juu yake matawi yaliyoning'inia, moto unapanda kama mtu anavyopanda ngazi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kilele, na ukishafika kileleni cheche zake zinakwenda zinakotaka. Kwahiyo pogoa matawi ya chini ya kila mti mpaka urefu wa mita 2 hivi (mti mdogo usipogoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake, utauua). Ondoa vichaka vyote vilivyo chini ya miti. Tawi lolote linalotanda juu ya paa likate, acha nafasi ya mita 3 kati ya matawi na bati. Na vilele vya miti visishikane, acha mita 5 hivi kati ya kilele na kilele.

Sasa swali la mwembe maana najua litakuja, Tabora bila miembe haiwezekani. Mwembe haunitishi. Unabaki na majani mabichi kiangazi chote, kivuli chake kizito hakiruhusu nyasi ndefu kuota chini, na mwembe mkubwa uliopogolewa vizuri upande wa upepo unapunguza hata cheche zinazokuja. Shida ya mwembe ni majani yake yaliyodondoka, yale ya kahawia magumu yanayolia ukiyakanyaga, hayaozi haraka na yakishika yanawaka kwa nguvu. Ukiwa na mwembe una kazi ya kufagia, kubali hilo, na majani usiyarundike shinani, yapeleke kwenye shimo la mbolea.

Miti ya kuogopa karibu na nyumba ni mikaratusi. Majani yake yana mafuta, magome yanabanduka vipande virefu vyepesi, na hivyo vipande ndo cheche zinazoruka mbali kuliko zote. Mikaratusi ni pesa, sikatazi mtu kupanda, ila ipandwe shambani zaidi ya mita 30 kutoka kwenye nyumba na chini yake pafyekwe. Paina na misaipresi hali kadhalika, ina utomvu unaowaka, na ile fensi ya misaipresi iliyokatwa ikapendeza kwa nje ukiifungua ndani unakuta imejaa vijiti vikavu. Mianzi nayo isogezwe. Mchaichai wengi tunaupanda mlangoni kwa ajili ya chai, ni mzuri, lakini majani yake makavu yanajikusanya shinani na yana mafuta, basi uusogeze mita kadhaa na kuusafisha.

Vya kupanda ni migomba na mipapai pale maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanapomwagika, maana shina la mgomba limejaa maji (ila majani makavu yanayoning'inia uyakate, watu wanasahau na hayo ndo yanashika), alovera, mkonge kwenye mpaka, matembele yanayotambaa kwenye eneo linalopata maji, mboga za majani. Bustani ya mchicha na chainizi inayomwagiliwa kiangazi ukiiweka upande moto unakotokea unakuwa umepata mboga na kinga kwa maji yale yale. Hata sisi tuliofikiwa na maji ya Ziwa Victoria maji ni bili, kwahiyo usipange uwanja wa kijani mkubwa ambao hutaweza kuumwagilia mwezi wa 9. Mmea uliokauka kwa kukosa maji ni nyasi tu kama nyasi nyingine. Bora uwanja mdogo wa kijani na uliobaki ufagiliwe.

Nyasi zilizobaki kwenye ukanda huu ziwe fupi, zisizidi sentimita 10, na zikatwe kabla hazijakauka kabisa. Zile ulizokata usiache zimelala pale pale, kukata na kuacha ni kazi nusu. Piga reki, beba, lisha mbuzi, weka shimoni.

Minyaa ambayo wengi tumeizungushia nyumba, ikiwa hai na ya kijani sio tatizo kubwa, tatizo ni vijiti vilivyokufa katikati na nyasi zilizojificha chini yake. Ukiisafisha vaa kitu cha kukinga macho, ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali, na usiichome kuondoa mabaki maana moshi wake unawasha macho na kifua.

HATUA YA 4: Kutoka mita 10 mpaka 30, kulifanya pori lichoke

Hapa hatung'oi kila kitu, na naomba mtu asije akafyeka miti yote kwa kisingizio cha moto. Kazi ya hapa ni kuupunguzia moto nguvu kabla haujafika kwako. Nyasi zile za mita 2 zifyekwe, magogo yaliyoanguka na matawi makavu yakusanywe (kuni za bure hizo), vichaka vipunguzwe vibaki mafungu mafungu yaliyoachana, na miti mikubwa ya asili, miyombo na mininga, ibaki ikiwa imepogolewa chini. Kivuli cha miti mikubwa kinazuia nyasi. Ukiikata yote, mwaka unaofuata panaota nyasi ndefu kila mahali na umejiletea moto mkali kuliko wa mwanzo.

Wenye nyumba kwenye mteremko, nawaona ndugu zangu wa Kasulu, Buhigwe na kule milimani juu ya ziwa Kigoma, mita 30 kwenu hazitoshi upande wa chini. Moto ukipanda mlima unakimbia, kadirio linalotumika sana ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko zinazidisha kasi yake mara mbili hivi, kwa sababu miali inalala juu ya nyasi za mbele na kuzikausha kabla haijazigusa. Kwahiyo upande wa bonde ongeza, fika mita 50 au 60 kama eneo ni lako. Lakini msiparue udongo ukabaki mtupu kwenye mteremko, mvua za kwanza za mwezi wa 11 zitaubeba wote mpaka bondeni. Fyeka nyasi ziwe fupi, acha mizizi, na kama unapanda kitu panda kwa kukinga mteremko.

Upande gani uanze? Kiangazi upepo wetu huku Tabora mara nyingi unatoka mashariki na kusini mashariki, basi kama nguvu ni chache anza pande hizo. Lakini angalia na jirani yako nani, upande wenye shamba lililoachwa au hifadhi ya msitu una hatari zaidi ya upande wenye shamba la mihogo lililopaliliwa.

HATUA YA 5: Barabara ya moto

Ukishamaliza ndani ndo unaenda mpakani. Barabara ya moto ni ukanda uliolimwa mpaka udongo ukaonekana, unazunguka eneo lako lote bila kukatika. Upana usipungue mita 3, na pale nyasi za nje ni ndefu kuliko mtu fanya mita 5 mpaka 10. Wakati wake ni mwezi wa 5 mwishoni au wa 6 mwanzoni, udongo bado una unyevu kidogo jembe linaingia, ukisubiri mwezi wa 8 utakuta ardhi imekuwa jiwe. Kwatua, geuza udongo, na takataka zote zitupe upande wa ndani mbali, sio upande wa porini ambako zitakuwa chakula cha moto.

Alafu hili dogo ambalo limeunguza watu wengi: mavi ya ng'ombe. Barabara ya moto inakuwa njia nzuri ya mifugo, wanapita, wanaacha mavi, yanakauka, na bonge la mavi makavu likishika cheche halitoi mwali, linafuka tu ndani kwa ndani masaa mengi, upepo ukigeuka usiku linawasha upande wa pili. Kwahiyo barabara ya moto inakaguliwa na kufagiliwa kila wiki kiangazi chote. Sio kazi ya mara moja.

Wengine wanachoma nyasi za nje ya barabara mapema, mwezi wa 5 au wa 6, wakati nyasi hazijakauka sana na moto ni mpole, ili mwezi wa 9 moto mkali ukija ukute pameshaungua. Njia hii ni ya kweli na hata wahifadhi wa misitu wanaitumia, na moto wa mapema hauui miti kama ule wa mwezi wa 9 na wa 10 ambao unakuta miyombo inachipua majani mapya. Ila usiifanye peke yako wala kimya kimya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti yake kuhusu kuchoma, kwahiyo anzia serikali ya kijiji upate kibali, waambie majirani siku na saa, subiri jioni upepo ukitulia, muwe watu wengi wenye matawi mabichi na maji, na msiondoke mpaka moshi uishe. Kama hamna watu wa kutosha acheni, fyekeni tu.

Kwa wenye mizinga, kila mti wenye mzinga kwatua duara la mita 2 au 3 chini yake, na wakati wa kurina tumieni bomba la moshi badala ya mwenge. Asali yetu inajulikana nchi nzima, haipendezi iwe ndo chanzo cha moto.

HATUA YA 6: Kuongea na jirani

Jirani yako asipofyeka, kazi yako ni nusu. Moto wa nyumba yake ya nyasi ukiwaka unakurushia cheche nyingi kuliko pori. Mwendee mapema, sio kwa lawama, "shikamoo baba, naona nyasi zimekuwa ndefu mpakani, vipi Jumamosi tukashirikiana tukaweka barabara moja ya wote?" Barabara moja inayozunguka nyumba kumi ni kazi ndogo kuliko kila mtu kuzungushia ya kwake, na inakuwa haina mapengo. Mwenyekiti wa kitongoji akiitangaza kwenye mkutano mapema kabla ya kiangazi watu wanajitokeza. Na kama jirani ni mzee au mama peke yake, mfyekeeni, msimsubiri aombe.

HATUA YA 7: Siku moto unapokuja

Weka mapema mahali panapojulikana na wote: ndoo, madumu au pipa lililojaa maji kila jioni, reki, majembe, ngazi, na viatu vya ngozi. Watoto wajue wakiambiwa tokeni wanakwenda wapi, uwanja wa mpira wa shule au eneo lililoungua tayari ni salama, bonde lenye nyasi sio salama hata kama ni njia ya mkato.

Ukiona moshi unakuja, kwanza wazee, watoto, wagonjwa na wajawazito waondoke, sio baada ya kuokoa magodoro. Piga 114 Zimamoto, hata kama mko mbali piga, na umpigie mwenyekiti. Fungulia mifugo. Funga madirisha na milango yote, toa mapazia madirishani, ingiza ndani mikeka na nguo za kamba, mtungi wa gesi ufungwe na upelekwe mbali kwenye udongo mtupu. Paa la nyasi limwagiwe maji kabla moto haujafika, ukishafika usipande juu ya paa kabisa. Vaa pamba au jinzi, nguo za nailoni zinayeyukia mwilini. Ukipiga moto kwa matawi piga ukiwa upande ulioungua tayari, kutokea pembeni, usisimame mbele yake. Na kama miali imekuzidi kimo, acha, ondoka, nyumba inajengwa tena.

Moto ukipita watu wanapumua na kwenda kupumzika, na hapo ndo nyumba zinapotea. Kaeni zamu usiku kucha. Mzunguke na tochi mkiangalia ukingo wa paa, kihenge, banda la kuku, choo cha nyasi, lundo la kuni, visiki na yale mavi ya ng'ombe. Kisiki kikavu kinaweza kufuka siku kadhaa chini kwa chini. Kichimbe, kimwagie maji, kifukue tena, sogeza kiganja karibu bila kugusa, kama bado unasikia joto rudia.

MVUA ZIKIANZA

Mwezi wa 11 na wa 12 ndo wakati wa kupanda uwanja wa mwaka ujao, na hapa ndo kosa linapandwa pamoja na mche. Kabla hujachimba shimo simama pale uuangalie mche kama utakavyokuwa miaka 10 mbele, sio leo. Mwembe mdogo wa futi moja unaoupanda mita 3 kutoka ukutani utalala juu ya bati lako, kwahiyo usogeze mita 10. Mikaratusi kule mbali. Migomba kwenye maji machafu. Msimu wa mvua nyasi zitaota kwa kasi, usizipuuze kwa kuwa ni za kijani, pitisha slasha mwezi wa 3 na tena mwishoni mwa wa 4 kabla hazijatoa mbegu, maana nyasi iliyokatwa kabla ya mbegu mwezi wa 6 inakuwa fupi na jembe la barabara ya moto linapata kazi ndogo.